Viatu vya Mlangoni, Kanchipuram

Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba nilifika India lakini sikuingia ndani. Walicheka, nami nilicheka pamoja nao.

Tulikwenda kwa ajili ya macho yake. Daktari alipomfungua bandeji alitutaka tungoje siku chache kabla ya kurudi Goma, na mama aliyetupangisha chumba akatushauri tupande basi hadi Kanchipuram, mji wa mahekalu na wa hariri. Mke wangu, ambaye kwa miaka aliviona vikwembe vyake, vitenge vyake vya kujifunga, kama kupitia moshi, alitaka kuona rangi.

Alizipata. Katika nyumba ya wafumaji, mume alirusha uzi wa katikati ya sari na mkewe ule wa pindo, bila kutazamana. Mke wangu akapima sari moja kwa mkono wake, akaniambia kwamba ni yadi sita, kipande kizima kama cha kikwembe cha kwetu. Akainunua: kijani cha sombe, majani ya muhogo, na pindo jekundu.

Kisha tukafika hekaluni. Mlangoni kila mtu alivua viatu, akaviacha chini. Mimi nikakataa. Katika vita vya kwanza nilikimbilia mji wa Sake miguu peku, juu ya makoro, yale mawe yetu meusi ya volkano, kwa sababu viatu vilibaki chini ya kitanda. Tangu hapo, kila nikisikia bunduki nililala navyo miguuni. Mke wangu alijua, lakini nilisema tu kwamba vitaibwa.

"Papa, hata Musa alivua," akaniambia.

"Musa hakukaa mtaani kwetu Ndosho."

Akacheka. Halafu akanishika mkono wa shati. "Hapa hakuna anayetukimbiza. Tuingie wote wawili."

Nikamwambia aende, nitamlindia vyake.

Alikaa humo muda mrefu. Nilingoja juani, viatu vyake magotini. Watu waliingia na kutoka, na hakuna aliyegeuka kuvichunga vyake. Alipotoka alikuwa na uso wa yule msichana niliyemwona zamani akishuka kwenye boti pale bandarini Kituku. Akaanza kunieleza nguzo za mawe. Nikamkatiza, nikasema basi litatuacha.

Hakunieleza tena. Wageni walipomwuliza nyumbani, aliwaeleza wao, na mimi kwa aibu nilitoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia kufuli la lango. Nilidhani iko siku nitamwuliza tukiwa wawili. Vita vikarudi, nyumba ikajaa ndugu waliokimbia, na siku hiyo sikuitafuta.

Sasa wajukuu huikunjua sari na kuniuliza ndani ya hekalu kulikuwaje. Nawaeleza mlango. Nawaambia juu ya jua, na viatu vya bibi yao, vyeusi, vya plastiki, kile cha kushoto kimelika kisigino.