Leso Sitini na Benchi la Zuhura

Kanzu ile ninayo mpaka leo, nyeupe, ya Kiomani, na doa lake jekundu la tumboni limewashinda madobi watatu wa Al Nahda, na kwa kuwa shemegi yangu Faki amekwisha kuisimulia habari yake katika kila kikao cha Waswahili kuanzia Deira mpaka Sharjah, na kila akisimulia ananiongezea aibu ambazo sikuzifanya (nilizozifanya zatosha), nimeona bora niiandike mwenyewe. Aibu ni yangu, nitaigawa kwa mkono wangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mbwana, Mbwana wa Kago, nilitoka Likoni na darasa la tano, nikafika Dubai nguo zangu zimo ndani ya mfuko wa mchele, nikasimama miaka miwili nje ya geti la ghala la watu nikingoja kibarua asiyefika ili niitwe mimi (hadithi hiyo ya geti waliokula kwangu wote wanaijua, wengine wameisikia mara nne), na leo nina malori matatu na ghala langu Ras Al Khor, na friji yako, gari lako la mtumba, godoro la harusi la dada yako, ukiyaona Mombasa jua yamepita kwangu. Kiingereza changu ni cha ghalani na Kiarabu changu ni cha kugombana na watu wa forodha, lakini binti yangu Zuhura yuko chuo kikuu Marekani, wala sikumlipia, chuo chenyewe kimemchukua kwa mpira wa kikapu. Urefu ameutoa kwangu. Mama yake, Mwanaisha, ambaye ni wa Unguja, anasema ameutoa kwa babake yeye. Tuyaache.

Vyuo vya kule vimegawanywa makundi makundi, kila kundi linaitwa konferensi, wanachezana wao kwa wao, na msimu ukiisha makocha wanapiga kura na kutoa tuzo. Hayo nimeyajua sasa. Wakati ule nilichojua ni vipande vya video alivyonitumia, maana mechi zao huchezwa saa ambazo huku mtu amelala au yuko kazini, na katika vipande hivyo Zuhura ana mpira, Zuhura anapenya, Zuhura anarusha, wavu unacheza. Nimemwonyesha afisa wa forodha, nimewaonyesha madereva wangu Wapathani mpaka wakiniona natoa simu wanasema mashallah arbab, yaani bosi, kabla sijaifungua. Mechi nzima sijapata kuiona hata moja.

Basi siku moja ya Ramadhani Zuhura akanipigia, baba, nimo kwenye tuzo za msimu, wanatangaza Jumanne. Mwenye akili angeuliza tuzo gani. Mimi niulize nini, tuzo si ya aliye bora? Hapo ndipo palipoanzia kila kitu, pale nilipofunga mdomo ambao siku nyingine haufungiki.

Jioni hiyo tulialikwa futari kwa Faki, kaka yake Mwanaisha, ana nyumba ya ua Mirdif na hupenda sana watu wajue, nikatangaza mbele ya wageni wake kwamba Jumanne Zuhura anachukua mchezaji bora wa msimu. Watu wakaanza kunipa mikono. Faki akamenya chungwa lake taratibu, akasema, "Mie nakuuliza tu, shemegi. Huyo mtoto huanza, au anasugua benchi?"

Kikao kizima kikacheka. Sisi wa mpira wa miguu tunalijua neno hilo, kusugua benchi ni kwenda uwanjani na jezi safi na kurudi nayo safi, ni mtu wa kubeba chupa za maji. Nilimjibu, lakini jibu la mdomo halikunitosha, na kwetu pwani mtu akikuchoma namna ile hajibiwi kwa mdomo, hujibiwa kwa leso. Asubuhi yake nilikuwa Sharjah kwa fundi wa kuchapa nguo, nikaagiza pea sitini, rangi ya damu ya mzee na nyeupe, katikati mpira wa kikapu (ulitoka kama boga, nikamwambia khalas, piga hivyo hivyo), na chini jina la leso kwa herufi kubwa: WANGU HASUGUI BENCHI.

Mwanaisha alipoziona alizikunjua moja, akasoma, akaikunja tena.

"Umemuuliza mwenyewe?"

Nikamwambia leso hii si ya Zuhura, ni ya kumfunga mdomo kakako. Akasema haya, akaenda kuloweka dengu.

Jumanne nikakodi ukumbi wa chini wa jengo letu pale Al Nahda, nikaalika watu sitini, kila anayeingia anapewa leso yake mlangoni, wanawake wakajifunga juu ya mabuibui, wanaume mabegani, na Faki nikamvalisha mwenyewe kwa mikono yangu, akanishukuru kwa adabu ambayo ilipaswa kunitisha. Biriani ilikuwa inapumua kwenye masufuria, viazi karai, kaimati, uji wa pilipili manga, na mbele kabisa, kwenye meza moja na projekta, dishi la kioo lililojaa ile sharubati nyekundu ya Ramadhani. Ukutani nilikuwa nategemea kuona zulia na watu wa suti wakipanda jukwaani. Kumbe hakuna sherehe, ni ukurasa tu wa mtandao wenye majina, utafunguka nusu saa kabla ya magharibi yetu, huko kwao asubuhi. Pembeni nikaweka kompyuta yenye Zuhura mwenyewe, mubashara, yuko chuoni na wenzake watatu nyuma yake, wanatupungia mkono, ameona watu wamejaa lakini leso hajazisoma kwa sababu ya umbali.

Wa kusoma majina nilimpa Ochieng, mlinzi wa jengo letu, kijana wa Kisumu aliyewahi kucheza kikapu huko kwao, kwa kuwa anaujua mchezo na mimi kusoma Kiingereza mbele za watu sitaki. Ochieng ni Mkristo lakini siku hiyo hata maji hakunywa, alisema hawezi kusimama mbele ya watu sitini wenye kiu na koo lake limelowa.

Ukurasa ukafunguka. Mchezaji bora wa msimu, akasoma jina, si Zuhura. Nikacheka kidogo, nikasema huo ni wa kwanza tu. Mlinzi bora, si Zuhura. Chipukizi bora, si Zuhura. Kikosi cha kwanza majina matano, cha pili matano, nikawa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, na mbaya zaidi ni kwamba sote tumefunga, hata tende ya kujifichia uso nyuma yake hakuna. Halafu Ochieng akasita, akasoma kimoyomoyo, uso wake ukafunguka.

"Mchezaji bora wa sita wa konferensi," akasema, "yaani bora kuliko wote wanaoingia kutoka benchi. Zuhura Mbwana, wa Mombasa, Kenya."

Kwenye kompyuta wale wasichana wakamrukia Zuhura. Ukumbini macho ya watu wote sitini yakashuka kwenye leso, kila mtu ya mwenzake, na Faki akainyoosha yake mbele ya kifua akaanza kuisoma silabi moja moja kama mtoto wa chekechea. Alipofika "ben" ukumbi ukapasuka.

Hapo ningecheka na wengine mambo yangekwisha. Lakini mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe, na watu wa aina yangu hatujui kuchekwa, hatujapata nafasi ya kujifunza. Nikasimama, nikasema kwa sauti ninayotumia ghalani, "Wamekosea. Mwanangu hakai benchi. Hiyo tuzo si yake, na hataichukua." Na ili jina lile litoke ukutani nikaukamata waya wa projekta nikauvuta, na waya ulikuwa umepita nyuma ya lile dishi la sharubati, na dishi lote likanijia tumboni.

Ukuta ukawa mweupe, kanzu ikawa nyekundu. Watu walicheka mpaka wengine wakahofia funga zao. Mimi nimesimama nachuruzika, na ndipo nilipotazama pembeni nikaona kwamba kompyuta haikutegemea waya wowote. Zuhura yuko pale pale. Wenzake hawakuelewa Kiswahili, bado wanacheka na kumpigapiga mabega. Yeye tu ndiye hacheki.

"Baba, nimekusikia," akasema.

Nikaisogelea kompyuta, sharubati ikidondoka sakafuni.

"Hawakukosea. Mwaka huu kocha alitaka nianze, mimi ndiye niliyemwomba aniache niingie baadaye. Si wewe uliyenifundisha? Ulisema uliposimama nje ya lile geti uliwaona wote walioko ndani, nani anachoka upesi, nani anaangusha, mzigo upi una uzito upande mmoja, na ukiitwa unajua pa kushika kabla hujaugusa. Ndivyo ninavyocheza mimi. Nilijua wengine watacheka. Nikasema yupo mmoja hatacheka."

Sikucheka, kweli. Nilifanya baya zaidi.

"Nenda ukafuturu, baba," akasema, na kioo kikawa cheusi.

Adhana ikaja. Watu wakanyoosha mikono kwenye tende, na kiti changu kilikuwa kule mbele, kimepambwa, lakini miguu haikunipeleka huko. Nje kidogo ya mlango, penye viatu, kuna benchi la mbao analokalia Ochieng akilinda. Nikakaa hapo na kanzu yangu yenye kunata, nikafungua kwa tende moja na maji, na nawaambia kweli, hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya watu tena, walikwisha kucheka na wangecheka mwezi mzima, niliogopa kwamba mtoto yule hataniambia tena jambo lake kabla ya kuwaambia wengine.

Baada ya swala Ochieng akarudisha waya, akaniambia mzee, hii si matusi, hii ni kitu kubwa, acha nikuonyeshe. Akafungua mechi nzima ukutani, nami nikitazama kutoka benchini pale mlangoni, tangu mwanzo, mwanzo ambao mimi sijawahi kuuona. Wasichana watano wanakimbia, Zuhura hayumo. Yupo pembeni kwenye kiti, viwiko magotini, kidevu mbele, hasemi na mtu, macho yanakwenda na mpira, yanarudi, yanakwenda, na mkao ule naujua, ndivyo nilivyosimama mimi miaka miwili kwenye jua la Dubai na hakuna aliyewahi kunipiga picha. Wenzake wakaanza kuachwa nyuma. Kocha akageuza kichwa tu, wala hakumwita jina, Zuhura akawa amekwisha kusimama. Na alipoingia hakukimbia ovyo kama wale, alikwenda moja kwa moja mpaka kwa msichana wa upande wa pili aliyekuwa ameshika kiuno, aliyechoka, ambaye hakuna mwingine aliyeona kwamba amechoka, akamnyang'anya mpira kama mtu anayechukua kitu chake mezani. Kisha tena. Kisha tena. Ule uwanja wote ukahamia upande wake. Subhanallah, nilisema, na nikalisema tena, na mama mmoja wa Lamu aliyekuwa akinicheka saa ile alikuwa amesimama, leso imemwanguka, hana habari nayo. Hata Faki alishika kaimati mkononi asiile.

Vile vipande vyote nilivyowaonyesha watu vilianzia pale alipokwisha kuwa na mpira. Kazi yenyewe ilikuwa kabla ya hapo.

Nikamwomba Mwanaisha ampigie. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mwanaisha akanitazama, akapiga tena, mara hii Zuhura akapokea, na Mwanaisha akaniwekea kompyuta mapajani.

Nikamwambia nisamehe mwanangu, nilichapa kabla ya kuuliza. Nikamwonyesha leso, nikamsomea jina la leso kwa mdomo wangu. Akafunika uso kwa mikono miwili, nikadhani analia, kumbe mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Mbona uko mlangoni?" akauliza.

"Nimekaa benchi."

"Unaona nini hapo?"

Nikatazama ndani. Naona mama yako hajala, anawapakulia watu. Naona Ochieng amesimama tangu alasiri na hakuna aliyempa sahani. Naona mjomba wako ametia kaimati nne mfukoni.

"Basi ingia, baba," akasema. "Umeitwa."

Nikaingia na doa langu, nikachukua sahani, wa kwanza nikampakulia Ochieng.

Leso zile hazikurudishwa, watu walikataa, na juzi Mwanaisha ametumiwa picha ya harusi Likoni, wanawake watatu wamezivaa. Moja nimeitundika ofisini, si mbele ya wateja, kwenye ukuta ninaoukabili mimi nikikaa. Na mteja akiniuliza binti yako anaendeleaje na mpira wake, mimi Mbwana wa Kago, ambaye sijawahi kushindwa jibu tangu nimeingia nchi hii, namwambia subiri kidogo, nimpigie nimuulize.