Miji ya Syombua

Kwa miaka kumi na tisa Syombua alikaa mbele ya swichibodi ya kampuni ya Mbegu za Ndarugu, nje kidogo ya Ruiru unapoelekea Thika, na katika miaka hiyo yote hakuna mkulima aliyempigia simu mara mbili akahitaji kujitambulisha tena. Hakuwa akiona tangu utotoni, surua ilipopita kwao Yatta. Lakini mzee akikohoa tu huko Mwihoko, Syombua alimwambia, "Habari za Mwihoko, baba? Yale maharagwe yalishika?" Mzee alibaki ameduwaa, simu mkononi.

Bei na aina za mbegu alikuwa nazo kwenye kadi za breli, mia nne na kumi na mbili, alizozitoboa kwa mkono wake. Kusema kweli hakuzigusa sana. Zilikuwa kichwani. Watu wa siku zile walikuwa na vichwa. Kitu kikiingia, kilikaa. Leo mtu hajui hata nambari ya simu ya mkewe.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1998, meneja alimwita ofisini. Bwana Makau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa haraka.

"Mama Kamene, kaa." Ofisi nzima ilimwita kwa jina la bintiye. "Bei zote zinahamia kwenye tovuti. Zitabadilishwa kila Jumatatu, na mtu wa simu atazisoma kwenye kompyuta. Kadi zako haziwezi kwenda mbio hizo."

"Nami nitaisoma kwa nini, Bwana Makau? Kwa pua?"

"Kuna programu inayosoma kwa sauti. Tumeagiza. Jaribu mpaka mwisho wa Septemba, kabla wakulima hawajaanza kununua mbegu za vuli. Ukishindwa, tutakutafutia kiti kingine."

Syombua hakuuliza ni kiti gani. Katika kampuni ile hapakuwa na kiti kingine cha mtu asiyeona, na wote wawili walilijua hilo.

Programu ikaletwa. Siku ya kwanza alipobonyeza kitufe na lile sanduku la kompyuta likamtajia herufi aliyobonyeza, nywele zilimsimama. Akabonyeza nyingine. Ikatajwa. Alibonyeza kibodi yote, kitufe baada ya kitufe, machozi yakimtoka. Sauti ilikuwa ya kigeni, ilisoma Kiswahili kama padri aliyeshuka juzi kutoka Ulaya, lakini ilisoma. Maisha yake yote, karatasi ilikuwa kitu kisicho na mdomo.

Kisha akafungua tovuti ya kampuni.

"Picha," ikasema sauti. "Picha. Picha. Kiungo. Picha."

Akangoja. Ikaendelea hivyo hadi chini ya ukurasa, kama mtu anayetembea sokoni akisema "kitu, kitu, kitu" bila kutaja nyanya wala kitunguu.

Waliotengeneza tovuti walikuwa wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Juja, walioajiriwa kwa likizo: Waceke, na Abdulnasir, mwenyeji wa Majengo, Thika. Walikuwa wameipamba kama bustani. Kila mbegu ilikuwa na picha ya pakiti yake, na jina na bei vimeandikwa ndani ya picha. Mwenye macho aliona vyote. Mashine iliona picha, basi.

Syombua aliwatajia makosa thelathini na moja. Waceke aliyaandika.

"Sawa, Mama Kamene, tutarekebisha."

Wiki mbili zikapita. Walikuwa wamerekebisha mawili. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Kazi ile iliwachosha kama adhabu ya mtoto ya kuandika sentensi moja mara mia. Abdulnasir alikuwa anatengeneza jua linalozunguka juu ya ukurasa.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, walikuwa watatu chumbani na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, mashine ikiimba wimbo wake. Ilipofika kwenye "picha" ya kumi, Syombua alisahau alipo. Akajibu kama alivyokuwa akimjibu bibi yake jikoni, zamani watu walipokuwa bado wanategeana vitendawili badala ya kukodolea televisheni:

"Tega!"

"Picha," ikasema mashine.

"Hicho kimenishinda."

Waceke akacheka mpaka githeri ikampalia. Abdulnasir akadaka palepale. "Basi toa mji, Mama Kamene! Umeshindwa, toa mji!"

"Haya, nakupa Ruiru."

"Picha," ikasema mashine.

"Nakupa Juja."

Akatoa Mwihoko, akatoa Kahawa Sukari, akatoa Thika. Vijana walipiga meza kila mji ulipoanguka. Akatoa Machakos, akatoa Kitui. Alipofika Yatta, kwao, sauti yake ikabadilika.

"Sina mji mwingine," alisema. "Mmenimaliza. Na ukurasa haujafika katikati."

Waceke akaweka kijiko chini.

"Lakini ngojeni," akasema Syombua polepole. "Bibi yangu alikuwa na sheria moja. Kitendawili lazima kiwe na njia. Nyumba isiyo na mlango ni yai, kwa sababu yai kweli halina mlango. Mtu akifikiri atafika. Anayetega jambo ambalo mwenzake hana njia ya kulifikia, huyo hajatega. Ameiba. Yeye ndiye hutoa mji."

"Ai, Mama Kamene!" alisema Waceke. "Sasa yote ni yetu kulipa?"

"Yote. Kuanzia kesho asubuhi."

Asubuhi Abdulnasir alikuja na ramani aliyoichora kwenye katoni ya mbegu. Syombua alipitisha kiganja juu yake.

"Hii ni katoni tupu, mwanangu."

Kijana aliguna, akaketi sakafuni, akaanza upya. Barabara ya Thika akaitengeneza kwa kamba ya katani, mito kwa uzi, miji kwa vifuniko vya soda vilivyogandishwa kwa gundi. Ilimchukua saa mbili na hakulalamika. Haragwe katika kifuniko lilionyesha mji wa Waceke, punje ya mahindi mji wa Abdulnasir, mbegu ya malenge mji wa Syombua, na mwanzoni yote ilikuwa yake. Ukurasa ambao Syombua angeusoma hadi mwisho na kutaja kila bei ulimpa aliyeutengeneza mji. Picha bubu moja, mji ulirudi kwa Syombua.

Hapo ndipo alipoona ajabu. Watu walewale waliorekebisha makosa mawili tu kwa wiki mbili walianza kufika kabla ya mlango kufunguliwa. Walitukanana kwa furaha kuvuka meza. "Gatundu ni yangu, wewe lala!" "Lala na nini, ukurasa wako wa mboga ya sukuma unapiga kelele kama kasuku!" Jua la Abdulnasir lilitupwa bila mazishi.

Abdulnasir akajaribu ujanja. Alfajiri moja aliandika neno "mbegu" nyuma ya picha mia mbili, pale mashine inaposoma, akadai miji sita kwa mkupuo.

"Mbegu," ilisoma mashine. "Mbegu. Mbegu. Mbegu."

"Mkulima akiniuliza ni mbegu gani, nimjibu nini?" aliuliza Syombua. "Nimwambie ni mbegu?" Akanyoosha kidole, akapapasa kamba ya katani mpaka Thika, akang'oa punje ya mahindi. "Leta kwenu."

"Si Thika, Mama Kamene! Nimezaliwa hapo!"

"Ndiyo maana utaikumbuka."

Siku iliyofuata Abdulnasir aliingia akamkuta Waceke amejifunga leso machoni, skrini imezimwa, akisikiliza ukurasa wake mwenyewe. Alikuwa amekaa hivyo tangu saa moja. "Nimepotea kwenye ukurasa nilioutengeneza mimi," alisema msichana. Hakucheka.

Ijumaa ya mwisho ya Septemba, Makau alisimama nyuma ya kiti cha Syombua. Simu ya kwanza ilikuwa ya mahindi. Vidole vilikimbia, mashine ikanong'ona, jibu likatoka. Ya pili, sukuma wiki, vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa ya yule mzee wa Mwihoko.

"Mama, maharagwe ya kuvumilia jua ni pesa ngapi?"

Syombua akafungua ukurasa wa Waceke. Jina likaja. Kisha, mahali pa bei, mashine ikasema: "Picha."

Akarudia. "Picha."

Waceke alifunika mdomo. Jana jioni ukurasa ule ulikuwa mzima. Makau akakohoa. "Hilo ni tangazo langu la bei mpya. Nimeliweka leo asubuhi, sikungoja Jumatatu. Nililichora vizuri, lina rangi nyekundu."

Syombua angeweza kutaja bei ya jana, na mzee asingejua mpaka afike dukani.

"Baba, usikate. Kuna bei mpya na haijanifikia." Akageuza uso kuelekea kwa meneja. "Bwana Makau, umetega kitendawili kisicho na njia. Toa mji."

Abdulnasir aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kofi. Makau alitazama ramani ya katoni, vifuniko vyake vya soda, mbegu za malenge zilizobaki tatu tu. Alikuwa ameipita kila siku kwa wiki tatu. Naye alikuwa na bibi wa kumtegea vitendawili, huko Mwala.

"Nakupa Machakos," alisema mwishowe.

"Haitoshi. Andika ile bei kwa maneno."

Akavuta kiti, Waceke akamwonyesha pa kuandika, na meneja mzima akaandika kwa vidole viwili huku simu ikiwa wazi. Syombua akafungua ukurasa upya, akasikiliza, akataja bei.

"Asante," alisema mzee. "Lakini hapo kwenu mnagawana miji ya nani?"

Jumatatu barua ya kuthibitishwa kazini ilifika. Barua zote za Syombua tangu aajiriwe zilisomwa na mtu mwingine kwanza, na mtu huyo ndiye aliyeamua amsomee kiasi gani. Hii Makau aliituma kwenye kompyuta, kwa maneno peke yake, bila nembo wala rangi. Syombua alifunga mlango. Akaisikiliza peke yake, mara tatu, kila nukta na kila mkato, na hakumwambia mtu imeandikwa nini.