Mbwa Niliyeletewa Alikuwa Mpelelezi

Mbwa alitoka kwangu asubuhi shingo tupu. Mchana akarudi amefungwa kipande cha kitenge cha marehemu mke wangu.

Soma tena hapo.

Kitenge cha bluu, maua ya njano. Nilikinunua kwa mikono yangu. Baada ya matanga ndugu zake walikibeba pamoja na nguo zake zote, kama desturi inavyotaka, kikavuka mpaka kwenda kwao Nakonde, upande wa Zambia. Mimi nikabaki na kuta.

Sasa kinarudi shingoni mwa mbwa?

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Moyo ukaanza mwendo wake ule, kama pikipiki mbovu inapanda mlima.

Ngoja niwape mwanzo, msije mkasema mzee amechanganyikiwa.

Mimi naitwa Osward. Mnyiha wa Itaka, shule niliishia darasa la nne, kazi yangu kushona maturubai ya malori hapa Tunduma. Foleni ya malori ndiyo shamba langu. Wakubwa kila mwaka wanaahidi foleni itaisha. Hiyo ndiyo ahadi yao pekee ambayo wakiivunja mimi nafaidi.

Mke wangu Teresia alizidiwa nyumbani. Nikapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Nikaambiwa halina mafuta.

Tulipotoka makaburini nililiona gari lile lile limebeba viti vya sherehe.

Viti vilipata mafuta.

Baada ya hapo nikawa mtu wa ajabu. Naamka naogopa, sijui naogopa nini. Simu ikilia natetemeka. Nashika sindano nashindwa hata kupitisha uzi, nakaa nayo mpaka jua linazama. Sipiki. Mlango sifungui.

Aliyeufungua ni jirani yangu Masudi, kijana Muha wa Kigoma, dereva wa bajaji. Aligonga mpaka komeo likalegea.

"Mzee wa maturubai, unanuka. Nakwambia kiroho safi. Panda bajaji."

"Unanipeleka wapi?"

"Kuoshwa au kutibiwa, kimojawapo. Panda!"

Kwenye kituo cha afya nikakutana na nesi anaitwa Mwasiti, mama wa Tanga, maneno yake yanatoka taratibu kama mtu anayekunjua kanga mpya. Akaniuliza mengi. Mwisho akasema nina sonona na wasiwasi.

"Sista, mimi sina sonona. Nina hasira na serikali."

"Hasira unayo, baba. Na sonona unayo. Zinaishi nyumba moja."

Akaniandikia vidonge. Kwenye dirisha la dawa nikaambiwa vimekwisha, nikatafute duka la mtaani. Nilijua tu! Hela ya kupaka geti rangi ipo kila akija mgeni mkubwa. Ya kichwa changu haipo.

Nikamrudia nesi nimefura. Akashusha sauti, akaniuliza swali nililolitilia shaka hapo hapo.

"Baba, nyumbani kuna kiumbe chochote? Paka, mbwa?"

"Wa nini?"

"Kuna watu wanasaidika. Mnyama anakuamsha, anakudai chakula, anakutoa nje. Si badala ya vidonge, vidonge utatafuta na kliniki utarudi. Lakini usikurupuke kuchukua. Jiulize kwanza: siku ile huwezi kunyanyuka kitandani, nani atamlisha?"

Nani? Kwangu hakuna nani.

Njiani nikamwambia Masudi, "Umewasikia? Dawa hamna, nifuge mbwa. Kesho wataniambia nifuge kiboko."

Masudi akacheka mpaka bajaji ikayumba. Halafu akanyamaza kimya. Masudi kunyamaza si jambo la kawaida. Hapo ningeshtuka.

Siku chache tu, huyo anakuja na mbwa. Rangi ya udongo, sikio moja limelala, si mtoto si mzee.

"Dereva mmoja wa Lusaka kaniachia. Anasema lori halitaki mbwa."

"Lori ndilo limesema?"

"Mzee, usinizingue. Mchukue."

Nikakataa. Si kwamba nachukia mbwa. Nilikuwa najijua. Kuna siku naona ndoo ya maji iko pale na siwezi kuifikia. Maji ya mbwa nitayachota vipi? Kiumbe cha watu kitakufa mikononi mwangu. Nimeshazika mmoja, wa pili sitaki, hata kama ana mkia.

"Mjaribu tu," Masudi akasema. "Usimpe hata jina. Ukishindwa namrudisha."

"Unamrudisha wapi? Si umesema dereva ameshaondoka?"

Masudi akawasha bajaji, akaondoka.

Mbwa akabaki. Siku nzuri nilimpikia ugali na vichwa vya samaki, na mimi nikajikuta nakula, maana sufuria ishakuwa motoni. Siku mbaya alinitazama, nikageukia ukutani.

Lakini jambo moja likaanza kunila.

Kila asubuhi mbwa alikuwa anaondoka. Anapita vichochoroni, anaelekea upande wa Zambia, mchana anarudi. Na zile siku mbaya ambazo hakupata kwangu hata tonge, alirudi ameshiba, tumbo kama ngoma.

Halafu jioni ya siku hizo hizo, Masudi anagonga na hotpoti.

"Mke wangu kapika nyingi, mzee."

Nafungua, kisamvu cha karanga.

Mke wa Masudi ni Muha mwenzake. Mboga yake haipandi jikoni bila mawese. Karanga hizi zimetoka wapi? Na mbona siku nikipika mwenyewe hotpoti haiji? Nani anawaambia?

Nikaanza kulala na jicho moja. Nikawaza nesi, nikawaza mwenyekiti wa mtaa, nikawaza labda wameniandika kwamba ni kichaa, wanasubiri kiwanja changu. Mbwa nikaanza kumwita Mheshimiwa, kwa sababu anakula kwangu, analala kwangu, lakini kazi yake haijulikani anamfanyia nani.

Nilipogundua nimempa jina, nikajikasirikia.

Basi wiki hiyo gari la matangazo likapita mtaani na spika juu. Kichaa cha mbwa kimeingia, mbwa yeyote atakayekutwa anazurura hana mkanda shingoni atapigwa risasi.

Kesho yake ndipo Mheshimiwa akarudi na kitenge cha Teresia.

Sasa naomba mnielewe. Kwetu na kwao, mama mkwe na mkwe hawatazamani. Huli mbele yake, humpi mkono, hamsemeshani ana kwa ana. Akiwa na neno anamwambia mtu wa tatu, wewe unasikia. Kwa hiyo tangu mazishi sikujua mama yake Teresia ana nini moyoni. Nilichoona ni mgongo wake tu.

Nikaunganisha. Kitenge cha marehemu. Mbwa asiye na mwenyewe. Masudi na dereva wake wa Lusaka. Wakwe wananiroga! Wanasema nilimwacha binti yao afe.

Nikamkamata Masudi anaosha bajaji.

"Kitenge hiki kimetoka wapi?"

Akakazana kusugua tairi ambalo lilikuwa safi.

"Mzee, mimi mtu wa Kigoma. Mambo ya vitenge vyenu mniache."

Nikaamua. Kesho watu wa bunduki wakipita, mbwa huyu nawakabidhi kwa mkono wangu. Lakini kwanza nimfuate nijue anakoripoti.

Asubuhi akatoka, na mimi nyuma. Tunduma na Nakonde zimeshikana kama chungu na mfuniko, ukipiga chafya huku kule wanakuombea afya. Mheshimiwa akapita njia ya panya nyuma ya mabanda, hakuulizwa karatasi na mtu. Akakunja kwenye uzio wa matete, akaingia.

Uzio huo niliujua. Hapo nilipeleka mahari.

Nikachungulia katikati ya matete. Mama mkwe alikuwa peke yake kwenye kigoda. Mbwa akaenda moja kwa moja, akalala ubavu mbele yake kama mgonjwa aliyezoea daktari. Bibi akaweka mikono yote miwili tumboni mwake, akaminya polepole, kama unavyominya parachichi sokoni.

"Tupu," akasema. "Jana hakupika tena."

Nikasogea nisikie zaidi. Nikakanyaga tete kavu, likalia.

Bibi akajifunika kichwa, akageuka haraka akanipa mgongo. Na mimi nikageuka nikampa mgongo. Mbwa katikati, anatutazama kwa zamu.

Nilitaka kuondoka. Ndipo akasema, na hakusema na mimi.

"We mbwa. Mwambie aliye nyuma ya matete kwamba sikukutuma ukamroge. Masudi alinieleza maneno ya nesi, na mimi nyumbani kwake siwezi kuingia. Nikakutoa wewe niliyekulea. Nikadhani utatulia huko, kumbe miguu yako haisahau. Ulivyorudi nikakushika tumbo, limeshikana na mgongo. Nikajua na yeye hajala, nikampa Masudi hotpoti."

"Mheshimiwa," nikasema, "mwambie mwenye nyumba kitenge kile kimenitisha."

"We mbwa, mwambie wangekupiga risasi. Sikuwa na kamba, nikachana nilichokuwa nacho. Kitenge hicho nilikuwa nakilalia."

"Mheshimiwa, mwambie sikumwacha binti yake. Gari lilikosa mafuta."

Nikasikia kigoda kinasogea.

"Mwambie gari najua. Hata mimi niliviona vile viti."

Jamani. Miezi yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu niliyeviona.

"Na mwambie," akaendelea, sauti imebadilika, "hotpoti zangu anarudisha bila vifuniko."

Nikacheka. Kicheko kilitoka na machozi, sikujua kipi ni kipi.

Halafu akasema neno lililonimaliza.

"Mwambie yeye ana mbwa anayemsemea. Mimi nimefiwa na mwanangu, na hakuna anayenishika tumbo kujua kama nimekula."

Mtu niliyedhani ananichimbia kaburi, kumbe naye amelala humo humo nilimolala mimi.

"Mheshimiwa, muulize kama leo ametia kitu mdomoni."

"Mwambie bado."

"Mwambie hata mimi bado. Kama ana chochote jikoni, akipitishe chini ya uzio. Yeye ale kwake, mimi huku."

Nikasikia kuni zinavunjwa. Baadaye sahani ya viazi vitamu na kikombe cha chai vikasukumwa chini ya matete. Nikala nimegeuka. Upande wa pili nilimsikia anatafuna, taratibu, kama mtu anayejifunza upya. Mheshimiwa alikula pande zote mbili, kama kawaida ya waheshimiwa.

Nilivyorudi mtaani na Mheshimiwa nikakuta gari limeegeshwa na jamaa ana bunduki.

"Mzee, mbwa huyu ana mwenyewe?"

Usiku mzima nilikuwa nimepanga jibu. Likatoka lingine.

"Anao wawili. Mmoja ni mimi."

"Na wa pili yuko wapi?"

"Huyo siruhusiwi kumtazama."

Akanishangaa. "Basi mchanje."

"Chanjo ipo?"

"Imekwisha. Uliza wiki ijayo."

Si nilisema?

Sasa wewe unayesoma umejifunika shuka, kichwa kizito kama changu, unajiuliza uchukue mnyama au usichukue. Mimi si daktari. Kliniki naenda, vidonge nanunua kwa sindano yangu, na siku mbaya bado zinakuja. Lakini lile swali la nesi ndilo la kuanza nalo. Usitazame mbwa peke yake, tazama kama yuko mtu wa pili ambaye mbwa huyo akifika kwake na njaa atajua kuna mtu ameshindwa kunyanyuka. Ukiwa na huyo, mchukue. Huna, mtafute huyo kwanza.

Na jingine. Nilishuku napelelezwa, na kweli nilikuwa napelelezwa. Nilichokosea ni kudhani kila anayekuchunguza anakutakia mabaya.

Wakubwa ndio waliotuzoesha hivyo.