Beringi Mbili za Kemshafti

Mzee Andongwisye alishuka Tunduma asubuhi, pikipiki yake imelazwa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori. Haikuwa ikitembea tena. Wiki nzima kule kijijini kwake, Ruanda, injini iligonga kichwani, ta-ta-ta, na juzi ikazima katikati ya kilima ikiwa na gunia la kahawa mgongoni.

Yeye na mkewe Enesi waliinunua kwa kahawa ya misimu mitatu. Enesi walimzika mwezi wa kumi. Injini hii ikifa, mzee hana uwezo wa kununua nyingine, wala hana mtu wa kuinunua naye.

Fundi Hezron alifungua kichwa cha injini, akashika chuma kimoja kwa vidole viwili na kukitikisa. Kikacheza.

"Hii ndiyo kemshafti, mzee. Inazunguka humu juu, inafungua vali. Imeshikwa na beringi mbili, huku na huku. Zimekwisha zote. Ungechelewa, tungezika injini."  Ndipo akakiona kitambaa cheusi cha msiba mkononi mwa mzee. "Samahani."

"Endelea."

"Sasa uamue. Nifunge za kawaida, kama ilivyotoka nazo kiwandani, au nifunge zile ngumu?"

"Wewe unaonaje?"

"Pikipiki ni yako, mzee. Nikichagua mimi, ikiharibika utanitaja kijiji kizima."

Mzee akavuka barabara hadi duka la spea la Fausta, ambaye mama yake ni mtu wa ng'ambo, Zambia.

"Karibu, mukwai," Fausta alimwamkia kwa heshima ya ng'ambo. Akamwekea beringi mbili kiganjani. Moja iko wazi, gololi zake zinaonekana. Nyingine imefunikwa pande zote mbili. "Hii ya wazi ni ya kawaida. Hii nyingine ni ngumu. Vijana wanaobeba mawe ya dhahabu kule Saza hawataki kusikia ya aina nyingine. Baba, hii utaiacha urithi."

Hezron akapaza sauti toka ng'ambo ya barabara. "Fausta, mzee wa watu huyo. Imefunikwa, mafuta yataingilia wapi?"

"Wewe funga nati. Kazi ya mdomo niachie mimi."

"Mwezi jana ulisema hazifai."

"Zilikuwa zimeniishia."

Waliokuwa dukani wakacheka. Mzee hakucheka. Aliizungusha ile ya wazi, ikalia. Akaizungusha ile iliyofunikwa, ikanyamaza. Ipi ilikuwa inamwambia kweli? Enesi angekuwepo angeuliza maswali mawili, matatu, na jambo lingekwisha. Yeye hakujua hata swali la kwanza.

Akakumbuka mashine yake ya kumenyea kahawa. Nayo ina beringi za kufunikwa, na huu ni mwaka wa sita. Anaipaka grisi mara moja, msimu ukifunguliwa, kisha anaisahau mpaka msimu mwingine. Akarudi kwa Hezron na beringi zote mbili, akamweleza hivyo.

"Ile unazungusha kwa mkono," Hezron alisema. "Hii inazunguka mara maelfu kwa dakika moja, tena kwenye moto. Za wazi zinakunywa mafuta ya injini. Za kufunikwa zina grisi yake ndani, ikiungua imeungua. Lakini wapo waliozifunga na wanatembea mpaka leo. Siwezi kukudanganya."

"Basi zote nzuri."

"Zote nzuri."

"Na zote mbaya."

"Eh. Ndivyo ilivyo."

Mzee akakaa kwenye tairi kuukuu. Kichwa kilikuwa kizito kuliko alivyokuja. Hezron akalegeza nati ya chini, mafuta yakatoka. Yalikuwa machache, meusi, mazito kama lami. Fundi akayatazama, akamtazama mzee.

"Mzee wangu. Haya umeyabadilisha lini?"

"Msimu haujafunguliwa vizuri. Nilikuwa nasubiri."

"Kusubiri msimu? Mafuta haya ni kila mwezi. Hapa hata ungefunga beringi za ndege, zingekufa."

Kila mwezi. Mzee aliangalia mikono yake. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ile ya meza ya Bwana, wakitoka kanisani Enesi alikuwa akisema, "Baba Ikupa, mafuta ya pikipiki." Naye alibadilisha, akinung'unika. Aliona ni mazoea ya mwanamke anayependa vitu visafi. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kanisani, na miezi ilikuwa imempita hivyo hivyo, haina alama.

"Alikuwa ananiambia," alisema.

"Nani?"

Mzee akavuka barabara, akamrudishia Fausta ile ya kufunikwa. Akarudi na ya wazi ya pili, akampa Hezron zote mbili. "Funga hizi. Kama ilivyotoka nazo."

"Una uhakika?"

"Sina. Nitaiwekea mafuta."

Hezron akafunga, akamimina mafuta mapya, akapiga kiki. Injini ikanguruma bila kugonga. Mzee akasikiliza sana, kama mtu asiyeamini. Kisha akauliza, "Jumapili hii ni ya ngapi?"

"Ya pili, mzee."

"Ya kwanza imepita."

"Ipo ya mwezi ujao."

"Ipo," mzee alisema, akapanda.