Ngariba Aliyeogopa Kisu

Miaka ile Mwingereza akitawala Tanganyika, hapakuwa na mtu aliyeogopwa na wavulana wa Mbwera kama Bwanaheri bin Mussa. Hakuwa mkali wala mgomvi. Alikuwa ngariba. Akipita na shoka begani kwenda kukata mikoko, wavulana waliokuwa wakicheza uchi kwenye tope waliziba mbele kwa mikono miwili, naye huwacheka.

"Msiwe na haraka, wajukuu zangu. Zamu yenu inakuja."

Kazi ya jando aliirithi kwa mjomba wake, na aliifanya kwa mkono mwepesi. Kuanzia visiwa vya delta mpaka Mahege na vijiji vya kando ya barabara ya Kibiti, wanaume wengi walikuwa wamepita mikononi mwake. Alipenda kujisifu kwamba hakuna mwari hata mmoja, mtoto aliyetahiriwa naye, aliyewahi kuharibika, na hilo lilikuwa kweli.

Alipopindukia miaka sitini, mwili ukaanza kumfanyia vituko. Anakwenda kando kukojoa, anasimama, anangoja. Anakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi. Mkojo unakuja matone matatu, unasita, unaongeza mawili, basi. Anafunga shuka, anapiga hatua kumi, haja inamwita tena. Msikitini alitia udhu mara tatu kwa sala moja. Mtumbwini aliwaomba wenzake wasogee ukingoni hata safari ikawa ndefu kuliko ya kwenda kwa miguu.

Usiku ndio ulikuwa balaa. Alitoka mara sita, mara saba, akasimama nyuma ya nyumba peke yake kimya. Majirani wakamwona mara moja, mara ya pili, na kabla mwezi haujaisha habari ikaenea kisiwa kizima cha Mbwera: ngariba anawanga.

Mkewe, Mashavu, ndiye aliyemletea habari hiyo, akiwa anapepeta mpunga uani.

"Baba Mwanaidi, unajua wanasemaje huko kisimani? Ati weye mwanga. Unatoka usiku kwenda kucheza na wenzio makaburini."

Bwanaheri alifikiri kidogo. "Waache waseme."

"Niwaache? Si useme ukweli kwamba mkojo unakusumbua?"

"Mashavu! Miye ngariba! Watu wakisikia ngariba mwenyewe yake haifanyi kazi, nani ataniletea mwanawe? Bora uwanga."

Mashavu aliweka ungo chini, akamtazama mumewe, akacheka hata machozi yakamtoka. Lakini baada ya kicheko alimsihi aende kwa waganga wa serikali. Akakataa. Alikuwa amesikia kwamba ukienda na ugonjwa huo wanakupasua tumbo, na kama kuna mtu aliyejua kisu ni kitu gani, ni yeye.

Mambo yakaenda hivyo karibu miaka miwili, mpaka msimu wa jando wa mwaka hamsini na saba. Watu wa Mahege walimwita, wari kumi na mmoja walikuwa tayari, na wenyeji wakampokea kwa ukarimu. Alikunywa madafu, akanywa chai, akanywa uji wa mchele. Asubuhi alipokwenda kichakani kabla ya kazi, hakikutoka kitu. Alikohoa, akachuchumaa, akasimama, akasoma dua zote alizozijua. Hata tone.

Ngoma ilikuwa imekwisha kuanza. Akina baba walikuwa wamesimama wakingoja. Bwanaheri akajikaza, akafunga shuka, akaingia kumbini, kambi ya wari, na tumbo limevimba kama ngozi ya ngoma yenyewe. Akatahiri wari wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na mkono wake haukutetereka. Jasho tu ndilo lililomtiririka mpaka kwenye nyayo. Alipomaliza wa mwisho, alisafisha kisu chake, akakifunga kwenye kitambaa, kisha akaketi chini mchangani.

"Nipelekeni kwa dresa," alisema. "Sasa hivi. Msiniulize kitu."

Maneno, baba wa mmoja wa wale wari, alikuwa na baiskeli. Wakampakia nyuma, wakatandika kanga iliyokunjwa mara nne. Njia ya kwenda Kibiti ilikuwa na mashimo na mizizi, na kwa kila shimo Bwanaheri alipiga ukelele.

"Polepole, Maneno!"

"Nikienda polepole tutachelewa, babu."

"Basi kimbia!"

"Nikikimbia inarusha."

"Basi nishushe nife hapa!"

Maneno hakumshusha. Walifika zahanati ya Kibiti mchana, ngariba amekauka midomo na hana tena nguvu ya kugomba. Dresa alitoka nje akiwa na koti jeupe, mtu wa miaka thelathini hivi, mnene, mwenye uso wa bashasha. Akamwangalia mgonjwa, akatabasamu.

"Shikamoo, ngariba."

"Marahaba. Wanijua?"

"Nikusahau vipi? Miye Khamisi, wa kumbi la Mbwera, mwaka wa nzige. Uliniambia nitazame juu nihesabu kunguru. Sikuona kunguru hata mmoja."

Bwanaheri alifumba macho. Sasa ilikuwa maumivu na aibu pia. Khamisi akamlaza kitandani, akalipapasa tumbo, akaguna. Akachemsha mpira mwembamba, akaupaka mafuta, akarudi nao.

"Unakwenda wapi huo?" Bwanaheri aliuliza.

"Palepale unapopajua wewe kuliko mtu yeyote."

"Khamisi, mwanangu..."

"Tazama juu, babu. Hesabu mijusi."

Mijusi walikuwepo wawili. Alipokuwa akimtafuta wa tatu, akasikia kitu kikifunguka ndani yake, na mkojo ukaanza kutiririka kwenye bakuli. Bakuli likajaa. Likaletwa la pili. Bwanaheri alilala akipumua kama mtu aliyetolewa chini ya gogo, na machozi yakamtoka kwa pembeni yakaingia masikioni. Baadaye aliwaambia watu kwamba maishani mwake alipata furaha nyingi, ikiwemo siku ya arusi yake, lakini ya siku ile ilikuwa ya peke yake. Mashavu alimsikia akisema hivyo na hakukasirika.

Khamisi aliuacha mpira ndani, akaufunga pajani, ncha yake akaitia kwenye chupa. Kisha akaketi kitandani na kumweleza bila kuficha. Kuna tezi kwa wanaume, iko chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake. Uzeeni hukua na kuibana njia. Mpira ni wa kusaidia kwa muda tu. Ukikaa sana utaleta uchafu na homa. Aende Dar es Salaam, naye atamwandikia barua.

"Watanipasua?"

"Zamani ndivyo walivyofanya. Lakini nasikia yupo daktari mmoja Mgoa, Dokta Furtado, anaitoa tezi bila kupasua."

"Bila kupasua anaitoa vipi, kwa uganga?"

"Nenda ukamwulize mwenyewe."

Mashavu aliposikia yaliyompata mumewe, alipanda mtumbwi wa kwanza uliotoka Mbwera. Alifika Kibiti na kikapu cha mchele na samaki wakavu, akamkuta Bwanaheri barazani kwa mwenyeji aliyempokea pale mjini, chupa kaifunika kwa kofia yake.

"Nimekwisha kukata shauri," Bwanaheri alisema. "Nitakaa na mpira wangu. Nimeuzoea."

"Umeuzoea siku nne. Unataka kuwa na chupa mpaka kaburini?" Mashavu hakungoja jibu. "Wangapi umewatahiri weye?"

"Nani anajua. Mamia."

"Na wote walikuwa watoto. Wamelia, wamenyamaza, wamekula ubwabwa. Kesho tunapanda basi."

Wakapanda basi, wakafikia kwa binti yao Mwanaidi aliyeolewa Ilala, na siku ya tatu Bwanaheri akawa mbele ya Dokta Furtado. Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na Kiswahili cha haraka haraka. Alimpima kwa namna ambayo Bwanaheri hakuwahi kumsimulia mtu kwa ukamilifu, isipokuwa kusema kwamba daktari alivaa mpira kidoleni na mlango haukuwa ule alioutarajia. Kisha akamwambia kwamba tezi yake imekuwa kubwa kama chungwa, na angeitoa.

"Tumbo siligusi. Nitaingia kwa njia ileile ya mkojo."

"Njia ipi?"

"Hiyohiyo."

Bwanaheri alimgeukia Mashavu, lakini Mashavu alikuwa ameangalia dirishani, mabega yanamtikisika.

Daktari alipoambiwa kwamba mgonjwa wake ni ngariba, alifurahi kama amekutana na ndugu. Akafungua sanduku la chuma, akamwonyesha kifaa chenyewe: bomba jembamba la chuma, unene wa kalamu ya risasi, lina taa ndogo kama punje ya mtama, na ndani yake kuna kitanzi cha waya. Daktari huchungulia huku nyuma, akaona kila kitu kule mbele, na ule waya hunyoa tezi kipande kwa kipande.

Bwanaheri alikitazama kwa kukigeuzageuza. Kwa mara ya kwanza tangu Mahege alisahau kuogopa.

"Unaunoa kwa kitu gani?"

"Haunolewi. Unapata moto wa umeme. Unakata, na papo hapo unaziba damu."

"Unaziba damu wakati unakata?" Ngariba alitikisa kichwa polepole. "Hicho ningekipata miye, ningelala usingizi."

Akakubali.

Siku ya siku wakamchoma sindano mgongoni, na muda si muda miguu yake ikawa kama ya mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa macho. Walitundika shuka mbele yake asione, lakini alisikia maji yakipita na mashine ikivuma, inanyamaza, inavuma tena. Alisoma Ayatul Kursi mara nyingi, kisha akachoka kunyamaza.

"Daktari, uko wapi sasa?"

"Ndani."

"Mbali?"

"Nimekaribia kumaliza upande mmoja. Tulia, mzee."

Haikuzidi saa moja. Kabla ya kumtoa, daktari alimwonyesha bakuli la vile vipande alivyonyoa, vyeupe, vidogovidogo kama machicha ya nazi. Bwanaheri alishangaa kwamba vitu vile ndivyo vilivyomfanya asimame nyuma ya nyumba yake usiku miaka miwili.

Siku mbili za mwanzo hazikuwa nyepesi. Walimwekea mpira mnene na maji ya kusafisha, na yaliyotoka yalikuwa mekundu hata akadhani damu yote inamwishia. Kibofu kilimkaza kwa vipindi, akang'ata ncha ya shuka. Mzee wa kitanda cha jirani, aliyepasuliwa tumbo kwa maradhi mengine, alikuwa bado hawezi kugeuka; Bwanaheri alikuwa amekwisha kuketi anakunywa uji, akaona haya kulalamika. Rangi ikapungua, ikawa kama maji ya ubuyu, mwishowe ikawa maji.

Siku ya nne wakautoa mpira, wakampa kopo la bati na kumwambia ajaribu. Akasimama kwa mazoea, akajiandaa kungoja. Akafungua kinywa akohoe. Hakuwahi. Mkojo ulitoka kwa nguvu ukaligonga bati, ukaunguza kama pilipili, naye akapiga kelele na kucheka kwa wakati mmoja. Wodi nzima ikageuka.

"Ni nini, mzee?" mmoja akauliza.

"Mvua!" alijibu Bwanaheri.

Siku ya kuruhusiwa daktari akamwita pamoja na mkewe. Akawaonya: asibebe mizigo wiki sita, anywe maji mengi, asishtuke akiona damu kidogo au nguo kulowa kwa siku za mwanzo. Kisha akakohoa. Kulikuwa na jambo jingine. Mambo ya chumbani yangeendelea, ila mbegu hazitatoka nje tena. Zitarudi nyuma kwenye kibofu.

"Raha je?" aliuliza Bwanaheri.

"Ipo palepale."

"Watoto saba wananitosha," alisema, na mara hii Mashavu ndiye aliyeona haya.

Nguo zililowa kweli, karibu mwezi mzima, na Mashavu alimshonea vitambaa vya kuvaa ndani. Mwezi wa pili hakuvihitaji. Akalala usiku kucha, jambo lililomshtua hata mkewe, aliyeamka akamtikisa kuhakikisha yu hai.

Aliporudi Mbwera, alifanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alibaki nje ya msikiti, akawaambia wanaume wenzake kila kitu: kungoja, matone, uwanga, baiskeli, mijusi, taa ya mtama, machicha. Vijana walicheka mpaka wakashikana. Wazee hawakucheka. Walitazama chini, na katika wiki ile wanne kati yao walikuja kwake kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja akiwa na swali la "rafiki yangu mmoja".

Uvumi wa uwanga ukafa wenyewe. Wari hawakumkimbia; msimu uliofuata alitahiri Mbwera na Mahege, na akina baba walimleta Khamisi kutoka Kibiti aje asimame karibu na dawa zake. Wawili hao walifanya kazi bega kwa bega misimu mitatu, wakibishana kuhusu spiriti na majani ya miti, mpaka Bwanaheri alipomwachia mpwa wake kazi.

Lakini aliyeyafikisha maneno mbali zaidi ni Mashavu. Kisimani wanawake walimwuliza yale ambayo waume zao hawakuthubutu, naye aliwajibu wazi. Asubuhi moja Zamda, jirani yake, alishuka ufukoni na kikapu cha chakula cha safari. Nyuma yake alikuja mumewe, Mzee Sadala, kanzu safi, uso mzito.

"Mnakwenda wapi?" Mashavu aliwauliza.

"Kibiti," Sadala alijibu upesi. "Nakwenda kumwona binamu yangu."

"Tunakwenda kwa Khamisi," alisema Zamda, akamshika mumewe kiwiko na kumwingiza mtumbwini.