Mama wa Nyaya za Kichwa

Yule mama wa kupima umeme wa kichwa, kule Ganjoni, hupasha vidole moto kwenye kikombe cha chai kabla ya kumgusa mgonjwa. Mke wangu alikuwa na maradhi ya kutetemeka. Nilimpaka nywele mafuta ya nazi, aende nadhifu, kumbe nyaya za kubandika kichwani hazishiki penye mafuta. "Babu, umempamba kama bibi harusi!" akacheka yule mama, akamwosha nywele kwa mikono yake. Alipokwisha kupima, akanionyesha mistari kwenye karatasi: eti sehemu za ubongo zinasemezana kupita kiasi. Sikufahamu, maana mke wangu mwenyewe hakuwa akinena tena, wala hakunijua.

Juzi, baada ya arubaini yake, nilirudi kwa yule mama kuuliza: "Mle kwenye mistari, mimi nilikuwemo?"

"Haionyeshi hayo, babu," akasema. Lakini akaitoa ile karatasi, kidole chake kikafuata mstari mmoja mpaka mwisho, kisha mwingine.