Mashine Haipimi Koti

Hii habari nilitaka iishie Kitale, lakini kwa kuwa nusu ya Bungoma wameshaisikia, na kila mtu anaongeza chumvi yake, afadhali muipate kwangu mwenyewe, aibu yote.

Asubuhi ile nilikuwa na shati moja safi, na pasi ikaliunguza mgongoni, tundu lenye umbo kamili la pasi. Nikasema si nitavaa koti (Kitale asubuhi ni baridi, nani atauliza?), na huo uamuzi mdogo ndio ulioniponza.

Nilikuwa nimealikwa ukumbi wa kanisa kusemea vijana kwenye mkutano wa maoni kuhusu sera ya kujitunza kiafya, ile ambayo siku hizi dunia nzima inaizungumzia, ati mtu ajipime na ajijue nyumbani kabla hajazidiwa. Mimi nina digrii na nina maswali. Niliona ni ujanja wa kumtwika mgonjwa kazi ya daktari. Sasa kulikuwa na kikundi cha wanawake wakulima kutoka Bokoli waliopewa mashine za presha kwa majaribio, na afisa aliyeongoza kikao alikuwa ametangaza kwamba siku hiyohiyo ataandika pendekezo lake, zibaki vijijini au zirudishwe kliniki.

Kiongozi wao, Mama Nasimiyu, alipomaliza kueleza wanavyojipima, nikasimama. Nikasema kipimo hakiaminiki mikononi mwa mtu ambaye hakusomea, na kama wanabisha, nijipime hapohapo.

"Sawa, vua koti, mwanangu," akasema, akinisogezea mashine yake.

Nikasema nasikia baridi (ilikuwa saa sita, jasho linanitiririka). Nikajifunga ile mashine juu ya mkono wa koti, nimesimama, huku nikiendelea kuhutubia. Ikanguruma, ikaonyesha kosa. Nikarudia, kosa tena. Nikaiinua juu watu waone, na afisa akachukua kalamu. Mwanamke mmoja wa Bokoli akaanza kuirudisha mashine yake kwenye mfuko, polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Mama Nasimiyu hakupandisha sauti. "Hiyo inapima mkono, haipimi koti. Ama kuna kitu unaficha huko ndani?"

Nilijua kosa ni langu, na nilijua ile kalamu inaandika nini. Nikavua.

"Bana, pasi imekula msomi," mtu akasema nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata pasta.

Mama Nasimiyu hakucheka. Akaniketisha, miguu chini, mkono mezani, akaniambia ninyamaze dakika tano. Mimi, dakika tano! Watu nao wakanyamaza taratibu, mpaka nikausikia moyo wangu mwenyewe. Akaufunga ule mkanda, akapitisha vidole viwili chini yake kuona haubani, akasubiri. Miaka minne ya chuo sikuwahi kuona mtu akiijua kazi yake namna ile, na nilijiona mdogo, lakini udogo wenye raha, kama unapotazama Mlima Elgon mawingu yakiondoka.

Mia moja sitini na mbili kwa mia moja na nne, presha iliyopanda. Akapima tena, karibu ileile. Akaifunika namba kwa kiganja wengine wasisome.

"Inaweza kuwa ni hii aibu," akaninong'oneza, "na inaweza isiwe. Enda na mashine yangu. Pima kila asubuhi siku saba, halafu uende kliniki. Hata mimi sikuwa naumwa popote."

Nikasimama na tundu langu, nikamwomba afisa afute niliyosema, nikamweleza kosa lilikuwa la nani. Akafuta. Mashine zikabaki Bokoli.

Siku saba zikapita, kliniki nayo ikapima. Haikuwa aibu.

Maswali bado ninayo, lakini nimeapa sitauliza tena nikiwa nimevaa koti. Na lile shati sijalitupa. Ndilo ninalovaa asubuhi nikijipima, baridi ya Kitale ikiniingia mgongoni, nimenyamaza dakika zangu tano.